Samani za Nyumba ya Mlimani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupokea Kazi



Ajengaye nyumba ya wageni ya fahari katika miteremko ya Uluguru hutaka vitanda, kabati, meza na viti vilivyochongwa kwa mkono. Maseremala wa Kingolwira, walio bondeni kando ya barabara kuu na Reli ya Kati, wanaweza kuifanya kazi hiyo. Lakini chama kikiipokea bila kuijua tabia ya mbao, samani zitarudishwa, na fedha za wanachama zitapotea pamoja na jina la chama.

Chanzo cha hasara ni unyevu. Ubao huvimba upatapo unyevu na husinyaa ukaukapo. Mabadiliko hayo hutokea katika upana wake; urefu haubadiliki sana. Kingolwira ni tambarare yenye joto, na mlimani kuna ukungu na mvua nyingi. Kwa hiyo droo iliyobana vizuri bondeni hukwama mlimani wakati wa masika. Kinyume chake, meza iliyowekwa karibu na mahali pa kuotea moto hukauka upande mmoja, ikapinda au kupasuka.

Jambo la kwanza, basi, ni kukausha mbao. Zipangwe kivulini juu ya matofali, na kati ya safu na safu viwekwe vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Kupima ukavu si kazi ngumu. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, kipime uzito, kisha kikaushe katika tanuri ya nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena. Kikiwa na gramu 120 mwanzoni na gramu 100 mwishoni, unyevu ni asilimia 20: ubao huo haujawa tayari. Kwa samani, asilimia 12 hadi 14 yafaa.

Jambo la pili ni kuuachia ubao nafasi. Mlango wa kabati uwe na fremu iliyoungwa kwa ulimi na tundu, na ubao wa kati ukae katika mfereo bila gundi. Uso wa meza usipigiliwe misumari, bali ushikwe kwa vibanio vya mbao vinavyoteleza. Kabati lisimame juu ya miguu na liwe mbali na ukuta kiasi cha sentimita 5, maana ukuta wa mlimani hutoa jasho na kuleta ukungu.

Jambo la tatu ni kuchagua mti. Mninga hautembei sana na huchongeka vizuri. Mtiki una mafuta yanayoukinga na maji, hivyo wafaa barazani. Mkongo ni mzito na mgumu. Utumike kwa miguu na nguzo za kitanda. Mbao hizi zikiwa nyingi chumbani hutia giza siku ya ukungu. Mshaurini mwenye nyumba apake kuta chokaa nyeupe na kuelekeza madirisha bondeni.

Mti usitoke katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Misitu hiyo ndiyo chemchemi ya Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam. Katibu adai risiti za serikali na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kisha azitunze katika jalada la kazi hiyo.

Mwisho, bei. Katika makisio, Katibu aandike mbao pamoja na zinazopotea kwa msumeno na randa, gundi, vanishi, ujira, muda wa kukausha, na gari la kupandisha mlimani. Mkataba uandikwe, malipo ya awali yatoshe kununua mbao zote, na tarehe ya kukabidhi ihesabiwe tangu mbao zitakapokauka. Mteja akiharakisha, mwonyesheni kile kipande cha gramu 120. Haraka haraka haina baraka, na hasara yake hulipwa na kila mwenye hisa.