Siku Moja Mjini Roma kwa Miguu

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wazee; nasi twaongeza kwamba atembeaye kwa miguu huona zaidi. Watu wa Butembo na Beni hawana haja ya kufundishwa kutembea. Tangu utoto twapanda na kushuka vilima kwenda shuleni, sokoni na kanisani. Basi, tulipokuwa masomoni huko Italia, sisi wanafunzi watatu wa jimbo la Butembo-Beni tulikata shauri kuitazama Roma kwa njia ile ile tuliyoizoea nyumbani, bila kupanda basi wala treni, tangu asubuhi hata jioni. Njia tuliyoichagua ina urefu wa kilomita saba hivi. Inaanza katika kanisa kuu la Bikira Maria, liitwalo Santa Maria Maggiore, na kuishia katika kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za mji. Twaieleza hapa ili wasomaji wetu, hasa vijana walio shuleni, waifuate pamoja nasi.

MJUMBE KUTOKA KONGO

Saa moja asubuhi tulikuwa mlangoni mwa Santa Maria Maggiore. Ukutani, juu ya nguzo, zimo picha zilizofanyizwa kwa vijiwe vya rangi tangu karne ya 5. Wageni wengi waliingia pamoja nasi, na wengi wao walikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la Baba Mtakatifu Fransisko, aliyezikwa humo tarehe 26 Aprili 2025. Ni kaburi la jiwe tupu, lenye neno moja tu: Franciscus. Nasi tulipiga magoti. Tulikumbuka kwamba huyu alikuja Kinshasa mwaka 2023, na tarehe 1 Februari aliwasikiliza watu wa mashariki walioteswa na vita, wakiwamo wa Butembo na Beni. Hakuweza kufika Goma kama alivyokusudia kwanza, lakini machozi ya Goma yalimfikia.

Wachache hujua kwamba katika kanisa hilo hilo yumo Mkongo. Katika chumba cha ubatizo tuliona sanamu ya kichwa na kifua cha mtu, iliyochongwa kwa jiwe jeusi, macho yake ya jiwe jeupe. Huyo ni Antonio Manuel Ne Vunda, mjumbe wa Alvaro wa Pili, mfalme wa Kongo. Mwaka 1604 alitumwa kwa Baba Mtakatifu. Alipitia Brazil, Ureno na Hispania. Njiani alinyang'anywa mali na wezi wa baharini, na wengi wa wenzake walikufa. Alipofika Roma mwanzoni mwa Januari 1608 alikuwa hoi kwa ugonjwa. Mji ulikuwa ukitengeneza sherehe kubwa ya kumpokea siku ya Epifania. Papa Paulo wa Tano alikwenda mwenyewe kumtazama kitandani. Na usiku wa kuamkia sikukuu ile mjumbe akafariki. Sherehe ya kumpokea ikageuka kuwa maziko.

Tulisimama kimya mbele yake. Vijana wengi wa kwetu hudhani kwamba Mwafrika wa kwanza kukanyaga Roma alikuja juzi kwa ndege. Kumbe zaidi ya miaka 400 iliyopita mtu wa Kongo alifika akiwa mjumbe wa mfalme wake, akapewa kaburi katika mojawapo ya makanisa makuu manne ya Roma.

MAWE YA WAKUBWA

Kutoka hapo tuliteremka hadi Colosseo. Ni uwanja mkubwa ajabu, ulioanzishwa na Kaisari Vespasiano na kufunguliwa na mwanawe Tito mwaka 80. Watu wapatao 50,000 waliweza kukaa humo na kutazama wanadamu wakiuana kwa kuwafurahisha. Leo sehemu kubwa ya ukuta wa nje imeanguka, na siku ya Ijumaa Kuu Njia ya Msalaba hufanyika papo hapo. Wale waliojenga ili waogopwe wameacha magofu. Na msalaba, ambao kwao ulikuwa chombo cha kuwaulia watumwa na wahalifu, ndio unaotukuzwa mahali pao.

Jua lilikuwa limepanda. Mawe meusi ya njia za Roma huchosha nyayo kuliko udongo wetu mwekundu. Lakini mpita njia hafi kiu katika mji huu: kila baada ya hatua kadhaa pana bomba fupi la chuma, lenye mdomo uliopinda, na maji safi yatoka humo mchana na usiku bila malipo. Warumi huyaita mabomba hayo "nasoni", yaani mapua makubwa, nayo yapata 2,500. Tulikunywa, tukajaza chupa zetu, tukawakumbuka mama na dada zetu wanaopanga bidoni zao mbele ya bomba moja la mtaa. Mji unaompa mgeni maji bure unamfundisha mwanafunzi jambo ambalo halimo vitabuni.

KISIWA CHA MASHAHIDI

Adhuhuri tulivuka mto Tiberi kwa daraja la Fabricio, lililojengwa mwaka 62 kabla ya Kristu na ambalo hata leo watu hulipita. Latufikisha kisiwani, kwenye kanisa la Mtakatifu Bartolomeo. Papa Yohane Paulo wa Pili alitaka kanisa hilo liwe mahali pa kuwakumbuka mashahidi wa nyakati zetu. Latunzwa na Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ilianzishwa Roma mwaka 1968 na wanafunzi wa shule ya sekondari; ndiyo, wanafunzi, wa umri wa wasomaji wetu wengi.

Jumuiya hiyo ilifika hata Goma, na mmoja wa vijana wake huko ndiye Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981. Alisoma sheria, na pamoja na wenzake aliwasaidia watoto wa mitaani kupata chakula na masomo. Mwaka 2007 alikuwa na kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Vililetwa vyakula vilivyooza, na wenye mali wakamtolea fedha ili avipitishe. Alikataa. Walimwongezea, wakamtisha, akakataa tena, vyakula vikaharibiwa. Alijua kwamba wangekula watu maskini, nao wangeugua. Mwezi Julai mwaka ule alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu.

KABURI LA MTUME

Kutoka kisiwani hadi kwa Mtakatifu Paulo ni mwendo wa saa moja, kwa kupita lango la kale lenye piramidi kando yake, kama zile za Misri. Kanisa la Mtume liliteketea kwa moto mwaka 1823, likajengwa upya juu ya kaburi lake, na nguzo 80 zasimama ndani. Hapo, tarehe 25 Januari 1959, Papa Yohane wa 23 alitangaza nia yake ya kuitisha Mtaguso Mkuu. Mnamo Novemba ya mwaka ule ule jimbo la Beni liliundwa, ambalo leo laitwa Butembo-Beni.

Na ndani ya kanisa hilo, tarehe 15 Juni 2025, Floribert alitangazwa Mwenye Heri. Goma, mji wake, ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Januari. Kwa hiyo watu wake walishangilia mbali na kwao, karibu na kaburi la mtume ambaye naye aliingia Roma akiwa mfungwa.

Hapo tuliielewa njia yetu yote. Mjumbe aliyefika akifa, mtume aliyefika amefungwa minyororo, kijana aliyeuawa kwa ajili ya chakula cha maskini: hao ndio Roma inaowaheshimu.

Yatupasa nini basi? Baba Askofu Emmanuel Kataliko naye alisoma Roma, kisha akarudi. Alikuwa askofu wetu tangu 1966 hadi 1997, akaanzisha Chuo Kikuu cha Graben pale Butembo mwaka 1989, na alipokuwa askofu mkuu wa Bukavu alifukuzwa jimboni kwake kwa miezi saba kwa sababu ya kusema kweli. Hakurudi nyumbani ili aringe kwamba ameona Ulaya.

Vijana wapenzi, huenda hamtafika Roma kamwe, wala si lazima. Bali siku moja wengi wenu mtashika muhuri, kalamu au ufunguo wa ghala, pale Kasindi, Beni au Butembo. Mtu atakuja na bahasha, atasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna atakayejua. Siku hiyo mkumbukeni yule kijana wa Goma, na watu watakaokula mtakachokipitisha.