Mashine Inayojifunza, na Wale Wanaoifundisha

Wanachama wetu wametuletea maswali mengi juu ya hii iitwayo akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba na wengine akili unde. Mmoja ameuliza kama ni kweli simu yaweza kutambua ugonjwa wa mti. Mwingine, ambaye mwanawe ana duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ameuliza kwa nini kijana huyo aliomba mkopo kwa simu akanyimwa, na jawabu likaja kabla hajamaliza kunywa kahawa yake, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza sababu. Tumeona maswali haya mawili yana shina moja, basi tutayajibu pamoja.

Kwanza ieleweke kwamba mashine hii haina akili kama ya mwanadamu. Hupewa mifano mingi sana, maelfu na malaki, nayo hutafuta yanayofanana ndani yake. Ikisha kuyapata, hukisia. Kila mwanachama anaijua kazi hii, kwa maana ndivyo tunavyowafundisha vijana wetu kuchambua karafuu. Hatuwasomei kitabu. Twawaketisha jamvini, twawaonyesha hii nzuri, hii mpeta, hili konyo, na baada ya siku chache mkono wenyewe wajua. Sasa chukua kijana ambaye tangu azaliwe ameonyeshwa karafuu za daraja la kwanza tu, zilizokauka sawasawa kwa jua la siku nne au tano. Siku atakapoletewa gunia lililopigwa na mvua, atasema nini? Hatasema, “Hii sijapata kuiona.” Atalitaja kwa jina analolijua, na atalitaja bila ya kusita. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haioni haya kukisia.

Tuanze na majani ya miti, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu nasi. Mwaka 2016 wataalamu wa mradi wa PlantVillage walitangaza kwamba wameifundisha mashine kutambua maradhi ya mimea kwa picha 54,306 za majani. Katika majaribio ilipatia zaidi ya 99 katika kila 100. Habari hii ilienea sana. Lakini wataalamu wale wale walieleza kwa uaminifu kwamba walipoipa picha zilizopigwa katika hali nyingine, mashine ilipatia kiasi cha 31 tu katika kila 100. Sababu yake ni nyepesi. Picha za kwanza zilikuwa za jani moja moja lililochumwa na kulazwa juu ya kitu kisichokuwa na mapambo. Shambani jani haliko peke yake. Lina udongo, lina kivuli, lina mkono wa mtu, na nyuma yake pana majani mengine mia.

Jambo la pili lililo katika kazi ile latuhusu zaidi. Mimea iliyokuwamo ilikuwa 14: tufaha, zabibu, cheri, pichi, stroberi, viazi, nyanya, mahindi na mingineyo ya namna hiyo. Muhogo haukuwamo. Mnazi haukuwamo. Mkarafuu haukuwamo. Hapana aliyekaa akaazimia kuutoa mkarafuu. Wao walikusanya yaliyokuwa karibu nao. Lakini kwa mkulima wa Pemba matokeo ni mamoja, awe ameachwa kwa kusudi au kwa kutokumbukwa.

Ukataka kujua kwamba dawa ya jambo hili ipo, tazama yaliyofanywa katika muhogo. Wenzao wa mradi huo, pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki, yaani IITA, walikwenda kupiga picha katika mashamba ya Bagamoyo, mwendo mfupi tu kutoka Dar es Salaam, wakawaweka wataalamu wa muhogo kuitaja kila picha kwa ugonjwa wake: batobato, michirizi ya kahawia, wadudu na kadhalika. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2017, nayo ikazaa programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo husema Kiswahili na haihitaji intaneti uwapo shambani. Ilipopimwa mwaka 2020, Nuru ilipatia 65 katika kila 100 kwa kutazama jani. Mabwana na mabibi shamba walipatia kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Na ilipopewa majani kadhaa ya mti mmoja badala ya jani moja, ilipanda ikapita 70. Zingatieni kwamba 65 si 99. Lakini ile 99 ilikuwa ya mezani, na hii 65 ni ya shambani, basi sisi tungechagua hii.

Kwa hiyo jawabu la swali la kwanza ni kwamba simu yaweza kutambua maradhi ya muhogo. Mwanachama akiielekeza kamera kwenye mkarafuu unaonyauka, akitaka kujua kama ni ule ugonjwa wa kufa ghafla uliomaliza mashamba ya wazee wetu, asiitegemee programu ambayo haikufundishwa mkarafuu. Itamjibu, lakini jawabu lake litakuwa la mti mwingine.

Sasa twende Kariakoo. Wengi wetu tunao watu kule, na bidhaa zetu hupita kule. Jina lenyewe, kama wazee wanavyojua, latokana na Carrier Corps, yaani wale wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale katika Vita Kuu ya Kwanza. Tangu hapo mtaa ule umekuwa wa kila kabila, na lugha yake ni Kiswahili, lakini si Kiswahili cha vitabuni. Mwenye kuuza husema jero akikusudia shilingi 500, husema buku akikusudia 1,000, na noti ya 10,000 huitwa msimbazi. Winga akupeleke dukani, mzigo ushushwe, bei itajwe kwa maneno mawili, na biashara imekwisha. Mashine iliyojifunza Kiswahili kutoka katika taarifa ya habari na vitabu vya dini itasikia nini hapo? Itamsikia mtu wa Mtaa wa Msimbazi kama tunavyomsikia sisi Mgiriki.

Hata kusikia sauti ni mafunzo. Mashine iliyosikizishwa wanaume wengi na wanawake wachache huwakosea wanawake, na iliyosikizishwa vijana wa mjini humkosea mzee wa Micheweni. Mwaka 2021 taasisi ya Mozilla ilianza kazi kubwa ya kukusanya sauti za Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, kwa msaada wa dola milioni 3.4 kutoka kwa wafadhili mbalimbali. Mtu husoma sentensi mbele ya simu yake, wengine husikiliza na kuthibitisha, na sauti zikisha kukusanywa huwa ni mali ya kila mtu, hapana wa kuzifungia ghalani. Watu wa mradi huo walijali mapema kwamba Kiswahili kina lahaja na kwamba wanawake wasiachwe nyuma. Twaona hilo ni jambo jema.

Sisi wa visiwani tunayo sababu ya kuliangalia jambo la lahaja kwa macho mawili. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ilikatwa shauri kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja, yaani Kiunguja cha mjini, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuisimamia kazi hiyo. Unguja Mjini ilipata fahari. Lakini Makunduchi, Tumbatu na Pemba, ambao ni watu wa kisiwani vile vile, walirudishiwa daftari zao shuleni zimejaa wino mwekundu. Basi tukilalamika kwamba mashine haitusikii, tukumbuke pia kwamba Mmakunduchi alianza kutosikika zamani, na si kwa mashine.

Kuna mfano mwingine ambao kila mwenye simu aweza kuujaribu mwenyewe. Kiswahili hakibagui mume na mke katika neno “yeye”. Tukisema “yeye ni daktari” au “yeye ni muuguzi”, msikilizaji hajui kama ni bwana au bibi, wala hapana haja. Mashine za kufasiri, zikipeleka maneno hayo katika Kiingereza, hulazimika kuchagua, na mara nyingi zimemfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Mashine imekisia kwa kufuata vitabu ilivyosoma. Anayejua nani huchuma na nani huchambua katika mashamba yetu ataona jinsi kukisia namna hii kunavyoweza kuwafuta watu nusu nzima katika taarifa iliyofasiriwa.

Tumefika sasa kwenye mkopo, na hapa tuombe mwanachama asome polepole.

Mikopo ya simu ilianza kuenea nchini kuanzia mwaka 2014, ilipoanzishwa M-Pawa, na mingine ikafuata. Mwombaji haleti mdhamini wala hati ya shamba. Mashine hutazama nyendo za simu yake: laini ina umri gani, fedha huingia na kutoka mara ngapi, muda wa maongezi hununuliwa vipi, mikopo ya nyuma ililipwa kwa wakati au la. Kisha hutoa alama. Hapana mahali palipoandikwa, “Asikopeshwe mwanamke,” au, “Asikopeshwe mkulima.” Hata hivyo, mke ambaye laini yake iliandikishwa kwa jina la mume humjengea mume sifa, na yeye hubaki hana historia. Na mtu ambaye fedha zake huja kwa msimu, kama sisi, aweza kuonekana mtu mwema miezi mitatu na mfu miezi tisa. Tena twajua mikarafuu yetu: mwaka huu huzaa ikainama, mwakani hupumzika. Mashine iliyofundishwa kwa watu wa mshahara yaweza kuuhesabu mwaka wa kupumzika kuwa ni uvivu wa mkopaji.

Watu wa Dar es Salaam waliijua hila hii kabla ya mashine. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891, na baadaye zile za Waingereza, ziliugawa mji kwa namna ya nyumba. Sehemu moja zilitakiwa nyumba za Kizungu, sehemu nyingine maduka na makazi ya mawe ya mjini, na sehemu ya tatu ziliruhusiwa nyumba za miti na udongo. Kanuni zilitaja kuta na mapaa. Lakini kila mtu alijua nani ana fedha za kujenga kuta gani, na matokeo yake yakawa Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati ya hizo mbili za mwisho. Anayetembea leo kutoka Kisutu kwenda Kariakoo bado aivuka alama ile. Ukitaka kujua kama kanuni yabagua, usiishie kutazama maneno yake. Hesabu waliobaki nje. Alama za mkopo zapaswa kupimwa kwa kipimo hicho hicho: wangapi walioomba ni wanawake, wangapi walipewa, wangapi ni wakulima, wangapi walikataliwa.

Kupima hivyo kwawezekana na kuna faida. Mwaka 2018 mabibi wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyo wa pili ni mzaliwa wa Ethiopia, walizipima mashine za makampuni matatu zinazokisia kama uso ni wa mwanamume au mwanamke. Walitumia nyuso za wabunge, wakiwamo wa Rwanda na Senegal. Kwa wanaume weupe kosa lilikuwa halifiki 1 katika 100. Kwa wanawake weusi mashine moja ilikosea karibu 35 katika 100. Zilipopimwa tena baadaye, makampuni yale yalikuwa yamezirekebisha, makosa yakapungua sana. Mpaka walipotajwa hadharani, ndipo walipotengeneza.

Neno moja juu ya wafundishaji wenyewe. Picha na maneno haya hutajwa majina na watu, na wengine ni jirani zetu. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME lilieleza kwamba vijana wa Nairobi waliosoma maneno machafu na ya kutisha kutwa nzima, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka, walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi na bei yake huijua kabla hajapanda mtini.

Ama kwa yule kijana wa Mtaa wa Kongo, ana mambo mawili ya kufanya. Kwanza atazame kama aliyemnyima ana leseni, maana mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kwa hao, kunyimwa ni bahati yake. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa sana usiwe wa mashine peke yake. Basi aandike barua, aitaje sheria hiyo, aombe mtu alitazame ombi lake na amweleze sababu. Nakala aiweke. Akijibiwa, au asipojibiwa katika muda wa mwezi mmoja, baba yake atuarifu ofisini, tupate kujua la kuwaambia wengine wenye shida kama yake.

Na wanachama wenye simu za kamera wapige picha za mikarafuu inayonyauka kama ilivyo pale shambani, jani likiwa mtini, pamoja na shina, na waandike tarehe na mahali. Majani ya kuchuma na kulaza juu ya karatasi nyeupe hayatakiwi.