Kigali: Kwa nini chuma huwasumbua wayeyushaji wa bati

Huko Karuruma, katika sekta ya Gatsata kaskazini mwa jiji la Kigali, kuna kiwanda cha kuyeyushia bati. Kilijengwa enzi za SOMIRWA, kampuni ya migodi iliyofilisika mwaka 1985, mwaka ule ule bei ya bati ilipoporomoka duniani. Baada ya kulala kwa muda mrefu, kilichukuliwa na LuNa Smelter, ubia wa kampuni ya Luma ya Poland na Ngali ya Rwanda.

Malighafi yake ni kasiterita, ambayo wachimbaji huiita gasegereti: mchanga mzito wa rangi ya giza utokao Rutongo wilayani Rulindo, Rwinkwavu wilayani Kayonza na kwingineko. Hata ikiwa safi kabisa, takriban asilimia 79 tu ya uzito wake ndiyo bati. Kilichobaki ni oksijeni, na anayeisafirisha ng'ambo huilipia nauli oksijeni hiyo pia.

Bati lenyewe huyeyuka kwa nyuzi joto 232, moto ambao hata jiko la nyumbani laweza kuufikia. Gasegereti si hivyo. Oksijeni yake haitoki mpaka ipatikane kaboni ya kuivuta. Kwa hiyo mchanga huchanganywa na makaa ya mawe na chokaa, kisha hupashwa moto hadi kupita nyuzi 1,200. Kaboni hugeuka kwanza kuwa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hupenya baina ya chembe, huipokonya gasegereti oksijeni na kutoka ikiwa kaboni dioksaidi. Bati hutuama chini, na uchafu ulioyeyuka, ambao wahunzi huuita mavi ya chuma, huelea juu yake.

Kazi ingekuwa nyepesi lau si chuma. Chuma huandamana na gasegereti tangu mgodini, nacho huachia oksijeni katika hali inayokaribiana sana na ile ya bati. Makaa yakizidi, chuma huingia ndani ya bati na kuzaa aloi ngumu yenye kuvunjika upesi. Makaa yakipungua, bati hubaki limenaswa katika mavi.

Ndiyo maana wayeyushaji hufanya kazi kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ya upole: hutoa bati safi kiasi, na mavi yenye bati jingi bado. Katika ya pili mavi hayo huchomwa kwa moto mkali zaidi na makaa mengi, yakatoa bati lililochanganyika na chuma. Aloi hiyo haitupwi, bali hurudishwa katika awamu ya kwanza. Humo chuma hutoka katika aloi iliyoyeyuka, huchukua oksijeni iliyoshikwa na bati, kisha huhamia katika mavi. Msumbufu, kwa mara moja, huwa msaidizi.

Mwisho bati huachwa lipoe hadi juu kidogo ya nyuzi 232. Fuwele zenye chuma hutangulia kuganda, na bati safi huchuruzika. Soko la Madini la London hudai usafi wa asilimia 99.85.

Kwa kromiti, ichimbwayo kwa wingi Afrika Kusini, mambo ni kinyume. Kromiamu hung'ang'ania oksijeni kuliko chuma, hivyo chuma hutangulia kujitenga, nayo kromiamu husubiri joto la karibu nyuzi 1,600. Lakini huko hakuna anayekikimbia chuma, kwa kuwa aloi ya viwili hivyo ndiyo hutengenezea chuma kisichoshika kutu.

(Mabati ya paa za Kigali, licha ya jina, hayana bati: ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe huishia zaidi katika lehemu ya simu na kompyuta.)

Rwanda haichimbi makaa ya mawe, hivyo kila mzunguko wa ziada tanurini una gharama yake. Nao wanunuzi hukata bei ya gasegereti yenye chuma kingi. Kwa mchimbaji wa Rutongo, basi, hesabu huanza kabla gunia halijafungwa: kwa maji ya kuoshea, na kwa sumaku ya kuvutia chembe za chuma.