MV Bukoba: kwa nini hatujui walikufa wangapi

Kila ifikapo Mei 21, makundi yetu ya WhatsApp huku Marekani hujaa salamu za kuwakumbuka waliozama na meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria, Tanzania. Safari hii binti yangu, aliyezaliwa huku, akauliza walikufa wangapi. Nikamwambia wapo wanaosema zaidi ya 800, na wapo wanaosema 1,000. Akashangaa: watu wote hao mnawapotezaje kwenye hesabu?

Jibu linaanzia kwenye tiketi. Mwaka 1996 barabara ya Bukoba hadi Mwanza ilikuwa mateso, hasa wakati wa masika. Watu wa Kagera, mkoa wenye mji wa Bukoba, walisafiri kwa meli: unapanda jioni, unalala ziwani, unaamkia Mwanza. Meli ilibeba pia mikungu ya ndizi za kupika, na wachuuzi wengi walisafiri daraja la tatu. MV Bukoba ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Usiku wa kuamkia ajali ilipitia bandari ya Kemondo, watu na mizigo wakazidi kupakiwa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina. Wa daraja la tatu walikata tiketi, wakaingia.

Jumanne asubuhi, Mei 21, ikiwa imeshakaribia Mwanza, ikapinduka.

Mimi nilikuwa shule ya msingi, Mwanza. Ninachokumbuka ni redio: kila nyumba mtaani ilifungulia Radio Tanzania, sauti ile ile dirisha hadi dirisha. Tukasikia kwamba meli inaelea kifudifudi na ndani kuna watu wanagonga. Waokoaji wakatoboa bodi ili wawatoe. Lakini kilichokuwa kikiishikilia meli ile ni hewa iliyonaswa ndani. Tundu lilipofunguka, hewa ikatoka, maji yakapanda kutoka chini, meli ikazama na waliokuwamo. Mtaani kwetu tundu hilo lilijadiliwa kwa miaka.

Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza. Jirani yetu, mama muuza ndizi, alikuwa akimsubiri kijana wake wa kazi aliyekwenda kufuata mzigo. Mwili haukuonekana. Alipokwenda kuuliza, akaambiwa kwenye orodha hayumo. Kwa daraja la tatu, orodha yenyewe haikuwepo! Mama yule alikaa matanga bila karatasi hata moja inayosema kijana yule alipanda meli.

Ndiyo maana hesabu yetu ni ya kukisia. Kila mtu aliyepanda bila kuandikwa alihesabiwa na ndugu zake peke yao.

Uzito uliozidi nao unaanzia hapo hapo. Asiyeandika majina hana namna ya kujua nafasi 430 zimejaa lini. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ziwa lile lile, kikiwa kimejaza kupita kiasi, wakafa watu 228. Kwa mara nyingine, mwanzoni hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walipanda wangapi.

Kwa hiyo mnaokwenda likizo nyumbani: mkipanda meli au kivuko mkaambiwa mpange foleni muandikishe majina, msinung'unike. Na msipoulizwa, ulizeni nyinyi, kabla kamba haijafunguliwa.