Fimbo ya gofu hupimwa kama kanzu

"Ami, gofu naiacha. Mimi si wa mchezo huu."

Maneno haya aliniambia kijana mmoja wa Likoni mwezi uliopita, tumekaa kivulini baada ya yeye kumaliza kuwabebea watu mifuko. Ana miaka 19, urefu wake futi 5 na inchi 4, na kwa macho yangu ana mkono mzuri kuliko nusu ya mabwana anaowabebea. Taabu yake ni moja. Kila akipiga kwa fimbo za chuma, mpira unaondoka vizuri, sauti safi, kisha unakwenda kushoto. Nasaha zote ameshapewa: inamisha kichwa, legeza bega, usiharakishe, kunja goti. Kila anayepita ana dawa yake. Kijana wa watu amezimeza zote na mpira bado unakwenda kushoto.

Nikamwambia, mwanangu, hebu nionyeshe fimbo zenyewe.

Alipewa na mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao kwa uzee. Seti nzuri, ya kampuni kubwa, na mzee alitoa kwa roho safi. Lakini mzee huyo alikuwa mrefu wa zaidi ya futi 6, na mipini ya fimbo zake ilikuwa imeongezwa inchi nzima kwa ajili ya urefu wake. Nikachukua utepe, nikabandika chini ya kichwa cha fimbo nambari 7, nikamtafutia kipande cha plaiwudi apigie juu yake. Alipopiga mara tatu tukageuza fimbo. Alama za mkwaruzo zilikuwa zote upande wa kisigino, karibu na pale mpini unapoingia. Ncha ya mbele haikugusa ubao hata kidogo.

Basi hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Nieleze kwa nini, kwa sababu nadhani wako wengi mno hapa pwani wanaojiona hawajui kucheza na kumbe wamevaa kanzu ya mtu mwingine.

Tunajua sote mambo ya kanzu. Ukienda kwa fundi Mji wa Kale kabla ya Idi, hakuulizi tu kama wewe ni mkubwa au mdogo. Anapima bega, mkono, kifua, kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu. Watu wawili wenye urefu mmoja wanaweza kutoka na kanzu mbili tofauti kabisa, maana mmoja ana mikono mirefu. Fimbo ya gofu nayo ndivyo ilivyo. Ile seti inayoning'inia dukani imetengenezwa kwa mtu wa wastani, na mtu huyo wa wastani mimi sijawahi kukutana naye.

Kipimo cha kwanza ni urefu, na hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba mtu mrefu lazima awe na fimbo ndefu. Kinachopimwa zaidi ni umbali kutoka kifundo cha mkono hadi ardhini, ukiwa umesimama wima, umevaa viatu, mikono imening'inia. Mrefu mwenye mikono mirefu anaweza kutumia fimbo ya kawaida kabisa. Mfupi mwenye mikono mifupi naye huenda akahitaji ndefu kuliko ulivyotarajia. Fimbo ikizidi urefu unasimama mbali na mpira, na unaugonga kwa ukingo badala ya katikati ya uso. Ikipungua unajikunja, na jioni mgongo unakwambia.

Kipimo cha pili ndicho kilichomtesa yule kijana. Ni ile pembe kati ya mpini na ardhi, yaani namna kichwa kinavyokaa chini wakati wa kugonga. Fimbo ikiwa imesimama mno kwa mtu wake, kisigino kinagusa chini na ncha inainuka. Uso wa fimbo una mlalo, kwa hiyo ncha ikiinuka uso wote unaelekea kushoto kwa mtu anayepiga kwa mkono wa kulia. Ikiwa imelala mno, kisigino kinainuka na mpira unakwenda kulia. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, geuza. Kadiri uso unavyokuwa na mlalo mwingi, kama zile fimbo fupi za kuinulia mpira karibu na shimo, ndivyo kosa la pembe linavyozidi kuuma. Ndiyo maana fimbo zile ambazo zingekuwa rahisi kwake ndizo zilizokuwa zikimwaibisha zaidi.

Na tazama madhara yake. Kwa muda mrefu kijana huyu alikuwa amejifunza kuficha kosa la chuma kwa kuupinda mwili. Alikuwa anasimama akilenga kulia na kuzuia mikono isigeuke. Akili yake ilikuwa inafanya kazi ya kurekebisha fimbo ya mzee wa futi 6. Halafu mtu anakuja kumwambia ainamishe kichwa.

Jambo hili si geni duniani. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani na kuanzisha kampuni ya Ping, ndiye aliyelipeleka kwa watu wa kawaida. Kampuni yake huweka nukta ya rangi kwenye kichwa cha fimbo za chuma kuonyesha pembe hiyo. Nyeusi ni ya kawaida, na rangi nyingine zinaonyesha imelazwa au imesimamishwa kiasi gani. Ukiokota fimbo ya Ping kwenye mfuko wa mtu, tazama nukta kabla ya kutazama bei.

Tuje kwenye mpini. Wakulima wetu wanajua kwamba jembe zuri lenye mpini mbaya litakutoa malengelenge. Mipini ya gofu inapishana kwa ugumu na kwa uzito. Iko inayopindika kwa urahisi, inayofaa mwenye kasi ndogo ya mkono, na iko migumu ya wenye kasi kubwa. Hutiwa herufi, R kwa ya kawaida, S kwa ngumu, X kwa ngumu zaidi, A kwa watu wazima waliopungua kasi, L kwa laini kabisa. Tatizo ni kwamba herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na makampuni yote. R ya huyu inaweza kuwa S ya yule. Kwa hivyo herufi peke yake haitoshi, lazima upige nayo mipira.

Hapa nina kisa changu. Nilipoanza kazi na kupata mshahara wa kwanza wa maana, niliingia duka moja, silitaji, nikanunua seti mpya inayong'aa. Muuzaji alinitazama kifua akasema, "Mwanamume mzima kama wewe huwezi kupigia mpini laini." Nikafurahi, nikabeba S. Kwa miaka minne mpira wangu uliruka chini na kwenda kulia, na kiwiko cha mkono wa kushoto kikaanza kuuma. Siku nilipopimwa kasi nikaambiwa mpini wangu ulistahili kuwa R, tena mwepesi. Sifa ile ya dukani ilinigharimu pesa na kiwiko.

Uzito nao si mdogo. Mpini wa chuma kwa fimbo za kati mara nyingi uko kati ya gramu 90 na 130. Ule wa kaboni huenda ukawa gramu 50 hadi 80. Kina mama wengi wanaanza gofu kwa fimbo za waume zao, nzito na ngumu, kisha wanaambiwa hawana nguvu. Watoto ndio wanaoonewa zaidi. Mtu anachukua fimbo ya mkubwa, anaikata katikati kwa msumeno, anampa mtoto wa miaka minane. Imekuwa fupi, sawa, lakini kichwa ni kizito vile vile na mpini uliokatwa umezidi kuwa mgumu. Mtoto anarusha mwili mzima ili kukisogeza kichwa hicho, na tabia hiyo inakaa naye hadi utu uzima.

Mpira wa kushikia sitauzungumzia sana, ila kwa sisi wa pwani una uzito wake. Ukiwa mwembamba kwa mkono wako unabana mno, na vidole vinazidisha kazi. Ukiwa mnene viganja havigeuki vizuri. Kwa jasho la Mombasa mwezi wa pili, chagua ule wenye uzi ndani au wenye makwaruzo, na ubadilishe unapoanza kuteleza. Ndiyo marekebisho ya bei nafuu kuliko yote, na ndiyo yanayoahirishwa kuliko yote. Na hewa ya chumvi nayo inakula chuma. Osha fimbo kwa maji baridi ya mfereji, zifute, usizifunge mfukoni zikiwa mbichi.

Kupimwa kwenyewe kunakwendaje? Mpimaji mzuri huanza kwa maswali: unacheza mara ngapi, unaumwa wapi, mpira wako unakosea upande gani, kabla hata hajashika futi. Kisha anachukua vipimo ukiwa umesimama. Hapo ni mwanzo tu, maana mwili ukisimama si mwili ukipiga. Baadaye unapiga kwa fimbo zako za zamani huku mashine inasoma kasi ya fimbo, kasi ya mpira, pembe ya kuruka na mzunguko wa mpira. Halafu anabadilisha kitu kimoja baada ya kimoja. Akibadilisha vitatu kwa pamoja, hatajua kipi kimesaidia. Nawe usiende kujionyesha. Watu wakiona mashine wanapiga kama wanaua nyoka, wanapimiwa fimbo za mtu ambaye hatatokea tena uwanjani. Piga ulivyozoea, na ukichoka useme.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa wanaopanda kwenda kupimwa Nairobi. Jiji lile liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali zaidi. Fimbo inayokupa yadi 150 hapa chini inaweza kukupa kama yadi 10 zaidi kule. Mtu anarudi na karatasi ya umbali wake, anasimama Nyali au Vipingo, mpira unaangukia mchangani kabla ya kijani, anailaani fimbo. Muulize mpimaji kama mashine imewekewa hewa ya Nairobi au ya usawa wa bahari. Na kama nyumbani kwako ni uwanja ulio juu ya bahari kama ule wa Mombasa Golf Club, uliopo tangu 1911, mwambie kwamba kusi ikivuma hapa si mzaha. Mpira unaopaa juu sana na kuzunguka mno kule bara unapendeza, huku unarudishwa mapajani.

Jambo la kanuni pia: mchezaji haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya 14. Hakuna kinachokulazimisha kufika 14. Anayeanza anaweza kucheza kwa saba au nane zilizomkaa vizuri, na pesa iliyobaki ikaenda kwa mwalimu. Maana kupimwa hakuponyi mkono mbovu. Mwenye mchezo ambao bado unabadilika kila wiki atosheke na urefu unaofaa, mpini usiomzidi nguvu na mpira wa kushikia wa saizi yake. Pembe za nyuzi mojamoja angoje kwanza mkono utulie.

Wala si lazima ununue mpya. Fimbo nyingi za mkono wa pili zinarekebishika. Mpini hukatwa au kuongezwa, vichwa vya chuma laini kilichofuliwa hupindwa nyuzi mbili bila shida. Vile vya kumiminwa kwenye kalibu ni vikaidi na vingine huvunjika, kwa hiyo uliza kwanza. Kazi hiyo ina mashine yake yenye kipimo. Usimpelekee fundi wa kuchomelea mageti. Rafiki yangu alifanya hivyo, akarudishiwa vichwa viwili na mipini minne, na mpaka leo hatujaelewa hesabu ile.

Kwa wenye vilabu nina neno. Tunashukuru kwa seti mnazowagawia vijana wanaobeba mifuko. Lakini fimbo ikitolewa bila kupimwa, yule anayeipokea anapokea na makosa ya mwili wa mwenyewe. Kibao cha kupigia, utepe, futi na asubuhi moja ya fundi wa klabu havizidi gharama ya chakula cha mashindano ya Jumamosi. Tangu mashindano ya kimataifa ya wanawake yaanze kuchezwa Vipingo Ridge mwaka 2019, vijana wetu wameona kwa macho yao kwamba mchezo huu unalisha watu. Wakiacha, na waache kwa kuwa hawaupendi.

Fimbo za yule kijana tulizipeleka kwa fundi anayejua kazi yake. Mipini ilipunguzwa inchi ile iliyoongezwa na nusu nyingine juu yake. Kwa kuwa fimbo ikikatwa kichwa huonekana chepesi mkononi, fundi akabandika utepe wa risasi nyuma ya vichwa kurudisha uzito. Pembe zikalazwa nyuzi mbili. Tukarudi kwenye plaiwudi. Alama ikatua katikati.

Mpira wa kwanza ulikwenda kulia. Wa pili kulia, wa tatu kulia. Alinitazama kama niliyemwibia. Nikamwambia, ami, sasa unalenga kulia kwa sababu ya mazoea, geuza miguu yako ulenge bendera. Ilimchukua wiki mbili kuamini. Jumapili alinitumia ujumbe wa simu, hakunisalimu, ameandika tu: "Ya kuinulia bado nzito kidogo. Fundi yuko lini?"