Kapu wa Ziwa Naivasha: kwa nini hafai kuvuliwa kando ya mafunjo

Asubuhi na mapema mjini Naivasha, kabla mashua hazijarejea katika fuo za Karagita, Kamere na Central, tayari kuna samaki wanaotembezwa mitaani kwa ndoo. Wengi wao ni kapu, yule samaki mnene mwenye magamba makubwa ya rangi ya dhahabu na ndevu nne fupi mdomoni, ambaye wanasayansi humwita Cyprinus carpio. Samaki hao hawakutoka katikati ya ziwa. Walivuliwa na vijana waliosimama majini hadi kiunoni, ndani ya mafunjo, wanaojulikana kama wavuvi wa miguu.

Mwananchi huuliza swali la haki: ziwa ni la umma, samaki hakupandwa na mtu, basi mbona kijana asiye na mashua afukuzwe kando ya maji? Jibu linaanzia kwa kapu mwenyewe, mahali anapokula na mahali anapozalia.

Kapu ni mgeni Naivasha, ingawa si yeye peke yake. Karibu kila samaki anayeuzwa hapa alitoka kwingine. Besi alitolewa Marekani mwaka wa 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Tilapia waliletwa kwa awamu, na kamba wekundu wa maji baridi wakatiwa ziwani mwaka wa 1970. Kisamaki kidogo kilichokuwa mwenyeji wa kweli wa ziwa hili kilionekana mara ya mwisho mwaka wa 1962. Tofauti ya kapu ni kwamba hakuna aliyepanga aingie ziwani. Alikuwa akifugwa katika mabwawa ya sehemu za juu, na inaaminika kwamba mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yalimsomba kupitia Mto Malewa, unaoleta maji mengi zaidi ziwani kuliko mto mwingine wowote.

Mwaka wa 2001 ndipo alipotambuliwa rasmi. Mwaka huohuo ziwa lilifungwa kwa wavuvi kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Lilipofunguliwa, nyavu zilianza kutoa samaki ambaye wateja wengi hawakumjua, na wengine walimkataa kwa sababu ya miiba. Kufikia mwaka wa 2010, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa samaki waliovuliwa Naivasha ilikuwa kapu. Tangu wakati huo tilapia na kambare wameongezeka tena, lakini kapu bado ameshikilia riziki za watu wengi: wavuvi, wapaaji magamba, akina mama wa kukaanga na waendeshaji bodaboda wanaosafirisha samaki.

Mafanikio hayo yametokana na jinsi anavyokula. Kapu hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni, na mdomo wake hurefuka kama mrija. Hufyonza tope la chini ya ziwa, akabakisha minyoo, mabuu ya wadudu, konokono na mbegu, kisha akatema uchafu uliobaki. Akifanya hivyo mchana kutwa, maji huchafuka na mimea ya chini hung'oka, ndiyo sababu wataalamu wa mazingira hawamfurahii sana. Kwa mvuvi, tabia hiyo ina maana moja: kapu hupenda maji ya kina kifupi yenye tope na majani, yaani palepale kando ya ziwa anapoweza kufikiwa kwa miguu.

Huko kando ndiko pia anakotagia. Jike mkubwa hubeba mayai laki kadhaa. Hayaachi yaelee majini, bali huyagandisha kwenye majani na mizizi iliyozama, huku madume wakimfuata na kurusha maji kwa kishindo kinachosikika hadi nchi kavu. Mayai huanguliwa kwa siku chache katika maji ya uvuguvugu, kisha vifaranga hujificha humohumo kwenye mafunjo hadi wapate nguvu ya kwenda kwenye kina. Kwa hiyo wavu mdogo unaoburutwa kando haukamati tu samaki wa siku hiyo. Hukamata jike kabla hajataga, hung'oa majani yaliyoshika mayai, na hubeba vifaranga visivyotosha hata kukaangwa. Tilapia naye huchimba viota vyake katika maji hayohayo ya kina kifupi, na viota hivyo hukanyagwa.

Hii ndiyo maana ya maeneo ya kuzalia kutengwa. Mvuvi wa mashua hutega nyavu zake mbali na kando, kwa matundu mapana yanayomwacha samaki mdogo apite, akazitoa asubuhi na kupeleka samaki kwenye ufuo uliosajiliwa, wanakopimwa uzito na kukaguliwa. Samaki aliyepita kwenye ndoo hahesabiwi popote. Maafisa wa uvuvi hutumia hesabu za fuoni kujua kama ziwa linapumua au limechoka, na hesabu pungufu huzaa maamuzi yasiyo sawa.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji maelezo ya kitaalamu. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi alfajiri, akifuata njia zake za siku zote kupitia mafunjo. Hizo ndizo saa ambazo wavuvi wa miguu hupendelea, kwa kuwa doria ni chache na samaki wako karibu. Aliyesimama kwenye njia ya kiboko, kati yake na maji, hana pa kukimbilia: tope limemshika miguu na wavu umemzunguka. Naivasha imezika vijana kwa sababu hiyo.

Kupanda kwa maji katika miaka ya hivi karibuni kumeongeza utata. Sehemu za Kihoto zilizokuwa makazi zimeingiliwa na ziwa, na kapu sasa hula juu ya yaliyokuwa mashamba, nyua na mashimo ya vyoo. Viboko nao wamesogea karibu na nyumba. Wavu unaotupwa kwenye maji ya mtaa uliofurika unaweza kunasa seng'enge au misumari, na samaki wa hapo ametoka kwenye maji ambayo hakuna mtu angeyachota akapikia.

Ni kweli pia kwamba mashua na nyavu halali si bei ya kijana wa vibarua, na doria peke yake haijamaliza uvuvi wa miguu. Njia iliyopo ni kujiunga na Kitengo cha Usimamizi wa Ufuo, BMU, katika ufuo ulio karibu. Mwanachama si lazima awe na mashua yake. Wengi huanza kama mabaharia wa mashua ya mwenzao, wakagawana mapato, na wengine hawaingii majini kabisa bali hupaa magamba au kuuza. Leseni inahitajika chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na maafisa wa uvuvi wa kaunti ndogo ya Naivasha hueleza ada na fomu zinazohitajika. Sheria hiyohiyo inataka kibali kabla ya kuhamisha samaki hai kutoka maji mamoja hadi mengine. Anayetamani kubeba vifaranga vya kapu akavitie kwenye bwawa la kijijini akumbuke jinsi samaki huyu alivyofika Naivasha.

Mnunuzi naye anaweza kumtambua kapu mzuri: macho yamejaa na kung'aa, matamvua ni mekundu, nyama ikibonyezwa hurudi. Samaki wa banda la ufuoni amekaguliwa, wa ndoo hakuna anayejua alikotoka. Nyumbani, miiba midogo yenye umbo la Y ndiyo huwasumbua wengi. Dawa yake ni kisu kikali: ubavu ukatwe mikato ya karibu karibu, nusu sentimita hivi, hadi kukaribia uti wa mgongo, kisha samaki akaangwe kwa mafuta yaliyochemka vizuri. Miiba huiva ikawa laini na kutafunika. Harufu ya tope hupungua akilowekwa kwa muda katika maji ya chumvi na ndimu, na kichwa, ambacho wengi hukitupa, hutoa mchuzi mzito wa kutosha sufuria nzima ya ugali.