Michango ya Safari ya Misheni: Fedha Hizo ni za Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza namna usharika unavyochagua mahali pa kupeleka timu ya uinjilisti. Leo tuzungumzie jambo linalovuruga safari nyingi kabla basi halijaondoka: michango.

Mtume Paulo alilishughulikia mapema. Alipochangisha kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya 16, kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, ili yeye akifika pasiwe na hekaheka za kuchangishana. Wala hakutaka kuzibeba fedha hizo peke yake. Wakorintho walitakiwa wachague watu wao wa kuzipeleka. Katika waraka wa pili, sura ya 8, anaeleza kwamba hakutaka mtu yeyote apate neno la kuwalaumu. Ikiwa mtume mzima alijihadhari hivyo, kamati zetu za misheni zina udhuru gani?

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Hudson Taylor, aliyeanzisha shirika la misheni kwa ajili ya China mwaka 1865, aliwakataza wamisionari wake kuomba watu fedha au kukopa. Ninauheshimu msimamo huo, lakini kuomba waziwazi si dhambi. Kosa ni kuomba bila utaratibu.

Chukua kijana aliyepewa kadi ya michango. Anazunguka kwa wajomba na wafanyakazi wenzake, fedha zinaingia kwenye simu yake. Juma la safari anaugua. Mjomba anasema alimpa mpwa wake. Kamati inasema fedha ni za Injili. Ugomvi huo hauna mwamuzi, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Marekani, mchango hauhesabiwi kuwa sadaka yenye nafuu ya kodi mpaka kanisa lenyewe liwe na mamlaka juu ya fedha hizo. Ndiyo maana makanisa mengi ya huko hutamka mapema kwamba hazirudishwi msafiri akishindwa kwenda. Nasi tuandike hivyo kwenye kadi yenyewe: mchango ni wa safari, si wa msafiri. Kadi zipewe namba, na zote zirudishwe, hata zisizo na kitu. Fedha ziingie kwenye akaunti ya usharika, si simu ya mtu, awe kijana au mchungaji. Taslimu ihesabiwe na watu wawili, na stakabadhi itolewe siku hiyo hiyo.

Nauli, chakula na vyombo vya muziki kila kamati huvikumbuka. Kinachosahaulika ni fungu la kanisa mwenyeji. Usharika wa kijijini hupokea wageni thelathini, hukopa mchele na mafuta dukani, kisha timu huaga kwa nyimbo na deni likabaki kwa mama wa jikoni. Hilo ni aibu, na tiba yake ni mstari mmoja tu kwenye bajeti.

Wazee wa kanisa, msiruhusu kadi hata moja itoke kabla kanuni hizi hazijasomwa ibadani, washarika wote wakisikia.